Uwakili si siku ya kupanda miti

Mvua za Dodoma zikikaribia, kuanzia mwishoni mwa Novemba, matangazo ya Jumapili hupata kipengele kipya. Baada ya mazoezi ya kwaya na mchango wa bati, katibu husoma: "Jumamosi tutakuwa na uwakili wa mazingira, kila mmoja aje na jembe." Jumamosi watu huja na majembe kweli. Vijana wamechimba mashimo tangu jana yake, mgeni rasmi anafika saa nne badala ya saa mbili, miche inashushwa kwenye gari, anapanda mmoja, anapigwa picha, soda zinagawiwa. Kufika Julai mbuzi wa mtaani wamekula walichopenda, na kilichobaki kimemalizwa na jua. Desemba inayofuata tunafanya uwakili tena, na vijana hushukuru kwamba safari hii mashimo hayana kazi kubwa.

Sina ugomvi na miti. Ugomvi wangu ni na neno.

Uwakili ni kukabidhiwa mali ya mwingine, uitumie na kuitunza kwa niaba yake, kisha umtolee hesabu. Ni hayo tu. Mali si yako, umeaminiwa nayo, utaulizwa. Dini zinapolipeleka kwenye mazingira zinasema kwamba mwenye mali ni Mungu, na mali yenyewe ni udongo, maji, misitu, wanyama na hewa. Aliye na haraka anaweza kuishia hapa. Yanayofuata ni kazi ya kufagia takataka zilizolizunguka neno.

Takataka nyingine tumezitupa wenyewe makanisani. Kwa miaka mingi uwakili kwetu umekuwa jina la heshima la matoleo. Kuna idara ya uwakili, semina ya uwakili, Jumapili ya uwakili, na zote huishia kwenye bahasha. Muumini aliyekulia katika lugha hiyo akilisikia neno, mkono unaenda mfukoni kabla akili haijafika. Si kosa moja kwa moja, maana fedha nayo ni sehemu ya tulivyokabidhiwa. Ila habari za mazingira zilipobisha hodi, tulilichukua neno likiwa tayari na tabia za harambee: lina siku yake, lina mgeni rasmi, lina idadi inayotangazwa, na idadi ikishatangazwa shughuli imekwisha. Ndiyo maana siku hizi watu husema "tumefanya uwakili", kama wanavyosema tumefanya mkutano. Uwakili haufanywi ukaisha. Mtu huwa wakili mpaka siku anayovuliwa.

Habari ya kuvuliwa iko Luka 16. Tajiri alikuwa na wakili wake, akaletewa habari kwamba anatapanya mali zake. Akamwita: "Toa hesabu ya uwakili wako, kwa kuwa huwezi kuwa wakili tena." Wahubiri wengi huupita mfano huu mbio, kwa sababu mwishoni bwana anamsifu yule mjanja na hakuna anayejua vizuri la kufanya na sifa hiyo. Mimi nataka tusimame kwenye shitaka. Hakushitakiwa kuiba. Alishitakiwa kutapanya, na kutapanya hakuhitaji mtu awe mwizi. Kunahitaji tu asahau ni mali ya nani.

Chukua maji. Kwa sehemu kubwa jiji hili hunywa maji ya visima vya Makutupora, yaani maji yaliyo chini ya ardhi. Kumbukumbu za miaka mingi za visima vile zinaonyesha kwamba hifadhi ile haijazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, mara nyingi ile ya El Niño, halafu tunaivuta polepole mpaka msimu mwingine wa namna hiyo. Anayeacha mpira wa maji ukimwagika getini kuanzia asubuhi, eti kuua vumbi, hajaiba chochote. Bili analipa, na mamlaka ya maji haina la kumwambia. Kwa lugha ya sheria yuko safi. Kwa lugha ya uwakili anatapanya, kwa kuwa aliyeyaweka maji yale chini ya mwamba hakuyaweka kwa ajili ya mwenye uwezo wa kulipa bili peke yake.

Hapo ndipo tofauti inayonikera inapoanza: wakili na mmiliki. Watu wanayachanganya haya mawili hata wakiwa na nia njema. Utasikia mahubiri mazuri ya mazingira yakifika kwenye "Mungu ametupa dunia hii, ni yetu, basi tuitunze." Ukishasema ni yetu umeshaharibu hesabu yote. Mwenye mali anaweza kuitunza au kuiacha ioze, na majirani watamsema tu. Wakili hana hiari hiyo. Zaburi ya 24 inaanza kwa kusema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na Walawi 25 inakwenda mbali zaidi: ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa sababu ni ya Mungu na watu ni wageni na wasafiri wake. Sura hiyo hiyo inaamuru shamba lipumzishwe mwaka wa saba. Mwenye mali halazimishwi kupumzisha shamba lake mwenyewe.

Anayeona hii ni falsafa ya wachungaji afungue kabati atoe hati yake ya kiwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Tunachokiita kiwanja changu ni haki ya kutumia, kwa muda uliotajwa, usiozidi miaka 99, na kwa masharti. Wakazi wa Dodoma wa enzi za CDA hawahitaji kuelezwa sana. Mamlaka ile ilianzishwa 1973 kujenga makao makuu, ikavunjwa 2017, na katikati ya hapo watu walijenga, wakazaa na wakazeeka kwenye viwanja vya hati ya miaka 33. Kila aliyewahi kuhesabu miaka iliyobaki kwenye hati yake anajua mtu anavyojisikia kukaa juu ya ardhi iliyo na mwenyewe. Walawi 25 inasema kila hati duniani iko hivyo.

Kuna wanaoruka upande wa pili na kusema tatizo lote limeanzia kwenye Biblia yenyewe. Hoja hii ina historia. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa nchi za Magharibi, kwa kumweka mtu katikati ya kila kitu, una deni kubwa katika uharibifu wa mazingira. Wanaomnukuu hushika Mwanzo 1:28, pale mtu anapoambiwa aijaze nchi na kuitiisha, akatawale samaki, ndege na kila kiendacho. Na kweli, maneno ya Kiebrania pale ni mazito, hayana upole wa kutafuta. Anayejibu kwa kusema "kutawala maana yake kutunza" anajidanganya. Jibu lenye nguvu ni kufungua ukurasa unaofuata. Mwanzo 2:15 inamweka mtu bustanini "ailime na kuitunza", vyote viwili kwa pumzi moja. Kulima bila kutunza ni kutapanya. Kutunza bila kulima nako kuna matatizo yake, nitakuja huko.

White mwenyewe, jambo ambalo wanaomtumia kuupiga Ukristo mara nyingi hawalitaji, hakumaliza kwa kuufukuza. Alipendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza hivyo. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si', aliandika wazi kwamba kupewa kutawala dunia hakumpi mtu ruhusa ya kuvikandamiza viumbe vingine. Waanglikana, ambao hapa kwetu ni wengi na dayosisi yao ya Central Tanganyika ipo tangu 1927, waliongeza mwaka 1990 alama ya tano kwenye alama za utume wa kanisa: kulinda uumbaji. Nne za mwanzo zilikuwepo tangu 1984. Miaka sita ya kuchelewa si mingi kwa kanisa, ingawa Mwanzo 2 ilikuwepo muda wote.

Kwa Waislamu naomba tuwe waangalifu, kwa sababu tunapenda kuwavisha neno letu. Kwenye mikutano ya dini mbalimbali mtu husimama akasema "na ndugu zetu Waislamu nao wana uwakili". Wana kitu hicho, ila kwao hakiitwi hivyo. Wakili, katika Qurani, ni sifa ya Mwenyezi Mungu: Yeye ndiye anayetegemewa, na kila Mwislamu anayesema hasbunallahu wa ni'mal wakil anamtaja Yeye. Mtu anaitwa khalifa, na alichokabidhiwa kinaitwa amana. Tofauti ina uzito. Katika sura ya pili, Mungu anapowaambia malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi, malaika wanauliza papo hapo: utamweka atakayefanya uharibifu humo na kumwaga damu? Cheo kilikuja na mashaka yake tangu dakika ya kwanza. Na katika sura ya 33 amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaikataa kwa kuogopa, mtu akaibeba, na aya inamalizia kwa kumwita dhalimu na mjinga. Hakuna mgeni rasmi anayesomewa aya hiyo kabla ya kukabidhiwa mche.

Kwa hiyo wale wanaoeleza khalifa kuwa ni "mtawala wa dunia" wanafanya kosa lile lile la Wakristo wa Mwanzo 1:28, kwa lugha nyingine. Lile shitaka la kutapanya nalo lipo: kuleni na kunyweni, wala msifanye israfu. Kule Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba, mafundisho haya yalitumika kuzungumza na wavuvi juu ya baruti zinazobomoa matumbawe, baada ya maonyo ya kawaida kutosikika. Mvuvi hakuambiwa samaki ni rasilimali ya taifa. Aliambiwa ni amana. Ni swali jingine kabisa kichwani mwa mtu.

Wapo pia waliokuwa hapa kabla ya msikiti na kanisa, na hawa tunawataja kwa aibu kidogo, kama tunavyomtaja babu aliyekataa kubatizwa. Mtemi wa Kigogo hakuwa mfalme wa majeshi. Kazi yake kubwa ilikuwa mvua na rutuba ya nchi aliyoishika, na mambo yakiharibika watu walikwenda kwake. Huko Kolo, wilayani Kondoa, kwenye miamba yenye michoro iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, pango la Mungomi bado linatumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Sihubiri matambiko. Ninachosema ni kwamba mahali pengi mti au kichaka kilibaki kwa sababu kilikuwa na mwenyewe asiyeonekana. Sisi tukaja tukasema hakuna kitu pale, ni mti tu. Tulifikiri tumeondoa hofu peke yake, kumbe tumeondoa na kilichokuwa kinazuia shoka. Wahabeshi hawakufanya kosa hilo. Kwenye nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia, mahali ambapo msitu wa asili umebaki mara nyingi ni lile duara la miti kuzunguka kanisa la Kiorthodoksi, na katikati ya mashamba matupu utaliona kutoka mbali.

Nilisema kutunza bila kulima kuna matatizo yake. Kondoa inatufundisha. Mradi wa serikali wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kupambana na makorongo yaliyokuwa yakimeza mashamba ya Irangi. Mwaka 1979 ikaamriwa mifugo yote, karibu 90,000, iondolewe kwenye eneo lililomomonyoka, lenye kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na mtu mwaminifu atakubali hilo. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamishiwa kwenye ardhi nyingine, na wafugaji walibaki wakiangalia malisho yaliyopona ambayo hayakuwa tena mikononi mwao. Kwa lugha ya Luka, waliambiwa hamwezi kuwa mawakili tena. Yawezekana lilistahili. Ila hakuna awezaye kuliita jambo hilo uwakili wa wananchi. Hifadhi na uwakili si kitu kimoja: hifadhi inaweza kusimamiwa na askari, uwakili hauwezi.

Basi uwakili wa ardhi katika nchi hii kame unafananaje? Naona mfano wake bora kwenye kazi isiyopendeza kwenye picha, ile inayoitwa Kisiki Hai. Mwanzilishi wa mbinu hii ni Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia aliyekuwa Niger mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa anasimamia mradi wa kupanda miti, na miche mingi ilikuwa inakufa. Mwaka 1983, akiwa karibu kukata tamaa, alisimamisha gari apunguze upepo kwenye matairi ili lipite mchangani, akatazama kichaka kimoja na kugundua kwamba si kichaka. Kilikuwa mti uliokatwa, ukichipua kutoka kwenye kisiki. Nchi aliyoiona jangwa ilikuwa na msitu mzima chini ya udongo, ukisubiri kuachwa ukue. Hapa kwetu shirika la LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit, lilianza kuieneza mkoani mwaka 2018.

Inavyofanyika ni rahisi mpaka inatia mashaka. Unakwenda shambani kwako, unatafuta visiki ambavyo bado vina uhai, vya migunga au vinginevyo. Katika machipukizi mengi unachagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayapunguza, unafunga alama ya kitambaa ili mchungaji wa mbuzi na mkata kuni wajue mti huu una mtu, kisha unaulinda na kurudi kuupogolea. Mche wa kitalu unaingia ardhini Desemba na mizizi ya kiganja kimoja, halafu kuanzia Mei unakabiliwa na miezi sita saba bila tone la mvua. Kisiki kina mizizi ya mti mzima tayari. Ndiyo maana kinapona mahali ambapo mche unakauka.

Angalia kazi hiyo inaanzia wapi: kwenye kuhesabu ulichokabidhiwa. Kabla ya kuleta chochote kutoka nje, unatembea shamba lote ukiuliza mwenye mali aliacha nini hapa. Hakuna uzinduzi, maana kisiki hakina cha kuzinduliwa. Na haiwezekani kuifanya siku moja, kwa sababu kisiki ulichokichagua mwaka huu kitakudai urudi mwaka ujao.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati za mazingira, hakuna aliyekosea kwa kupanda mti. Jumamosi ile iiteni siku ya kupanda miti. Ni jina zuri, linaeleweka, na halijidai. Matoleo yaiteni matoleo. Neno uwakili liwekeni kwenye kikao cha Septemba, pale kwenye yatokanayo, katibu asome ilipandwa mingapi na iliyo hai ni mingapi, na kila mwenye shamba aseme visiki vyake vimefika wapi. Tarehe 1 Septemba inafaa sana. Patriarki Dimitrios wa Konstantinopoli aliifanya siku ya kuombea uumbaji mwaka 1989, Wakatoliki wakaipokea 2015, na madhehebu mengine mengi huanzia hapo majuma ya uumbaji mpaka sikukuu ya Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba. Kwa Dodoma huo ni wakati ambao hakuna awezaye kupanda kitu akategemea kiote. Udongo umekauka, na kinachowezekana ni kutoa hesabu tu. Kikao hicho mkikiita uwakili, sitanyoosha mkono.